Mjomba, Ninunue Bunduki Gani za Kikauboi?

Shikamoo Mjomba.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, muuguzi, na huu ni mwaka wangu wa saba hapa Texas. Nina kadi ya ukaazi wa kudumu. Mume wangu yuko kwa viza ya mwanafunzi, anamalizia shahada yake, na tuna watoto wawili, mmoja miaka sita na mwingine mitatu.

Wodini kwetu kuna mzee mmoja, mwenyeji wa Texas, anakaribia kustaafu. Kila Jumatatu huja na habari za mashindano yake ya kulenga shabaha kikauboi. Siku moja nikamwambia kwamba mimi nimekulia kwenye sinema za kauboi, marehemu baba alikuwa hakosi. Akanialika. Nilikwenda kwa mzaha tu, Mjomba, na nilirudi siko yule niliyetoka. Aliniazima bastola zake mbili, bunduki yake ya wenzo (ile unayochezesha mpini wa chini kabla ya kila risasi) na ile ya marisau, akasimama nyuma ya bega langu. Saa ikalia pii, nikaanza. Katika shabaha 24 nilikosa tisa. Nilikuwa wa mwisho kwa mbali, lakini uwanja mzima ulinipigia makofi. Tangu siku hiyo nimekwenda mara tatu.

Sasa nataka vyangu. Nimejibana nikaweka dola 2,500. Kinachonisumbua ni wingi wa washauri. Muuzaji wa duka moja amenitolea jozi ya bastola za risasi nene za 45 zenye mitutu ya inchi saba na nusu, zinang'aa kama sinia la harusi, ananiambia kauboi wa kweli hapigi kitu kingine. Mzee wangu anasema za risasi nyembamba, 38. Kwenye bunduki ya wenzo, mmoja ananisukumia ya muundo wa Winchester wa 1892 kwa kuwa ni imara na bei nafuu, mwingine anaapa kwa ya 1873. Kwenye marisau vijana wote wanataka nichukue ile ya kusukuma ya 1897, eti ndiyo ya kasi. Mimi ni mfupi, futi tano na inchi moja, viganja vyangu vidogo, na ni wa mkono wa kushoto. Ile 45 niliijaribu mara sita, kifundo kikauma siku mbili, na kesho yake nilikuwa na watu wa kuwachoma sindano.

Mzee, kwa kunihurumia na usumbufu, kasema nimpe fedha yeye anunue kwa jina lake, kisha anikabidhi.

Mume wangu hakatai wala hakubali. Mama nilimwonyesha picha kwenye simu. Akanyamaza, halafu akaniuliza: "Umekwenda huko kuuguza watu au kuwatoboa?"

La mwisho. Kule ni lazima uvae nguo za zamani na ujipe jina la kikauboi. Mimi najifunga mtandio, na ni Mwafrika peke yangu uwanjani. Sijui kama pale ni mahali pangu. Jina nililofikiria ni Bibi Marisau.

Muuguzi wa Zamu ya Usiku, Texas

*

Marahaba, mpwa wangu. Kukosa tisa katika 24 kwa siku ya kwanza si vibaya hata kidogo. Mimi nilikosa zaidi ya hapo, na nilikuwa na bastola mbili za 45 kiunoni zinazong'aa kama sinia la harusi. Nitalirudia hilo.

Kabla ya kuzungumza habari ya mtutu wowote, mshukuru yule mzee kwa wema wake, kisha umkatalie. Usimpe fedha akununulie. Ukinunua silaha kwenye duka lenye leseni hapa Marekani unajaza fomu ya serikali kuu, namba 4473, na humo mnunuzi anaulizwa kama silaha hiyo anaichukua yeye mwenyewe. Akijibu ndiyo huku fedha ni zako na bunduki ni yako, amedanganya serikali, na hilo ni kosa la jinai. Usiseme, "Lakini mimi naruhusiwa kununua." Haisaidii. Kuna askari polisi wa zamani wa Virginia aliyemnunulia mjomba wake bastola ili wapate punguzo la bei. Mjomba naye aliruhusiwa kisheria, na makabidhiano yalifanyika dukani kwa utaratibu. Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 2014 majaji watano kwa wanne wakasema kosa ni kosa. Mzee akitaka kukupa zawadi kwa fedha yake mwenyewe, hiyo ni habari nyingine. Lakini akiwa amebeba dola zako, hapana. Wewe una kadi ya kudumu, unaruhusiwa kununua kwa jina lako. Chukua kadi yako na kitambulisho cha serikali chenye picha na anwani yako, nenda mwenyewe, jaza mwenyewe. Usumbufu wenyewe mara nyingi ni wa saa moja, na makaratasi yako ya uhamiaji yana thamani kuliko saa moja.

La pili ni la mumewe mtu, na nadhani hukulitazamia. Unasema hakatai wala hakubali. Pengine ana haya ya kukwambia, pengine hajui. Sheria ya serikali kuu inamkataza mtu aliye nchini kwa viza ya muda, na ya mwanafunzi imo, kumiliki silaha ya moto au risasi, isipokuwa kwa vighairi vichache, kama kuwa na leseni halali ya kuwinda. Na kumiliki mbele ya sheria si lazima jina lako liwe kwenye risiti. Silaha ikiwa kabatini kwenu na ufunguo uko kwenye ndoano jikoni, mwendesha mashtaka anaweza kusema ilikuwa mkononi mwake pia. Kwa hiyo kabla ya bastola, nunua sanduku la chuma la kuhifadhia silaha, lile zito la kufungwa ukutani kwa bolti, na namba zake uzijue wewe peke yako. Risasi nazo zikae chini ya kufuli hilohilo au la pekee. Hapo umewakinga watoto na umemkinga baba yao. Kisha tafuta mwanasheria wa uhamiaji, mlipe saa moja, mweleze hali yenu ilivyo. Mimi ni mjomba wa gazetini tu. Kama jibu lake ni kwamba silaha zisikae nyumbani mpaka mume apate kadi, basi ulizia mahali pa kuzihifadhi nje ya nyumba, au endelea kuazima. Kuazima uwanjani hakuna aibu, na nitakwambia kwa nini kuna faida.

Sasa tuingie kwenye chuma.

Watu wengi wanaoanza hudhani mchezo huu ni wa silaha kubwa. Wameona sinema, wameona mtu anapiga risasi moja na adui anapaa kupitia dirishani. Huku uwanjani adui ni bamba la chuma, lipo karibu, mara nyingi hatua kumi hivi kwa bastola, na kinachotakiwa ni lilie tu. Chama kinachosimamia mchezo, Single Action Shooting Society, kilichoanzishwa California mwaka 1987, kimeweka hata ukomo wa kasi ya risasi: futi 1,000 kwa sekunde kwa bastola, futi 1,400 kwa bunduki ya wenzo. Risasi ni za risasi tupu, yaani ile madini laini yenyewe, bila ganda la shaba. Risasi yenye ganda gumu ikigonga bamba hurudi vipande vipande. Maana yake nguvu haikupi alama hata moja. Kosa moja la shabaha ni sekunde tano juu ya muda wako. Wale tisa uliowakosa walikugharimu sekunde 45, na mabingwa humaliza kituo kizima, yaani mzunguko mmoja wa shabaha zote, chini ya 20.

Ndiyo maana nasema muuzaji wako anauza sinema. Mimi mwenyewe niliwahi kuinunua. Nilikuwa nimefika Arizona siku si nyingi, nikaingia duka moja nikatoka na jozi ya 45 za mitutu mirefu, na mkanda wenye vifungo vya fedha ya bandia. Siku ya kwanza nilipofika kituo cha tatu kidole gumba kilikuwa kimevimba, kwa sababu bastola hizi ni za kukokota nyundo kwa kila risasi, na kila teke linaigeuza bastola mkononi, unaitafuta nyundo upya. Bibi mmoja wa miaka sabini na kitu, mwenye gauni la maua, alinipita kwa sekunde 30 katika kila kituo. Alikuwa na 38. Alinipa peremende. Zile bastola niliziuza kwa hasara kabla mwaka haujaisha.

Chukua 38 Special, mpwa wangu, na uichukue kote, kwenye bastola zote mbili na kwenye bunduki ya wenzo. Silaha nyingi utakazoziona zimeandikwa 357 Magnum, usiogope, hiyo hupokea 38 ndani yake. Ukiwa na risasi ya aina moja huwezi kuchanganya kwenye meza ya kujazia, na kuchanganya hutokea sana mtu anapokuwa na wasiwasi na huku jina lake linaitwa. Tena kuna hesabu ya mfuko. Kituo cha kawaida ni risasi kumi za bastola, kumi za bunduki ya wenzo na nne au zaidi za marisau. Vituo sita kwa siku ni 120 za 38, yaani boksi mbili na nusu hivi za hamsini hamsini. Ya 45 boksi lake ni ghali zaidi kila mara. Piga kwa mwaka mzima uone tofauti inaingia wapi katika ada ya shule ya mtoto. Muulize mzee wako kama anajijazia risasi mwenyewe nyumbani. Wengi wa umri wake hufanya hivyo, na ndiyo njia ya kupata risasi nyepesi kabisa zisizopiga teke, ila usijifunze kazi hiyo kwa kubahatisha wala watoto wakiwa miguuni.

Bastola zenyewe: mtutu wa inchi nne na robo tatu, au tano na nusu. Ya saba na nusu kwa mtu wa futi tano haiishi kutoka kwenye ala, unainua kiwiko mpaka sikioni. Muundo wote unatokana na Colt ya mwaka 1873, na leo utakutana na makundi mawili. Kuna nakala za Kiitaliano, kama za Uberti na Pietta, ambazo kitako chake ni chembamba, chafaa kiganja kidogo. Na kuna Ruger, ambayo ni ngumu kama jiwe la kusagia. Ukienda Ruger, angalia sana jina: Vaquero ile ya kwanza, ya kuanzia mwaka 1993, ni pana na nzito. Iliyotoka mwaka 2005, inayoitwa New Vaquero, ilipunguzwa ikawa saizi ya Colt ya zamani. Muuzaji wa mtumba anaweza asikutajie tofauti hiyo. Ishike, kokota nyundo kwa kidole gumba cha kushoto bila kubadilisha mkao wa kiganja. Kidole kisipofika, iache, hata ikiwa na bei ya kutupa.

Na mkono wako wa kushoto, katika hili, si kilema. Mlango wa kujazia risasi uko ubavu wa kulia wa bastola. Wa mkono wa kulia hulazimika kuihamishia bastola kushoto ndipo ajaze. Wewe unaishika kushoto ilipozoea kukaa na kujaza kwa kulia. Wamarekani wana hadithi kwamba bwana Colt alikuwa wa mashoto. Ni hadithi tu, lakini siku ya kwanza mtu akikucheka mkono, mpe hiyo. Kitakachokusumbua ni ala za ngozi, maana za kuazima karibu zote ni za kulia. Hizo utaagiza zako, na usione uchungu wa bei.

Nyumba za risasi ni sita, unajaza tano, nyundo inakaa juu ya tundu tupu. Mzee lazima amekufundisha. Nalirudia kwa sababu utamsikia mtu akisema Ruger haihitaji hivyo. Ni kweli, tangu mwaka 1973 Ruger wanaweka kipande cha chuma kinachofikisha pigo la nyundo kwenye fataki, kile kiwashio cha kitakoni mwa risasi, pale tu unapovuta kifyatulio. Zile za muundo wa zamani hazina, zikianguka kwa nyundo zinaweza kulipuka. Sheria ya uwanja haitofautishi, ni tano kwa wote, na ukikutwa na ya sita chini ya nyundo unaondolewa.

Tutakapokaa sana ndipo penye utamu, nayo ni bunduki ya wenzo. Hapa ndipo ningeweka fedha nyingi kuliko pote, na ningeinunua kwanza. Bastola za kuazima zimejaa kila uwanja. Bunduki ya wenzo iliyolainika na kukuenea wewe hakuna atakayekuazima kwa moyo mweupe.

Waliokwambia 1892 ni imara hawakudanganya. John Browning aliibuni iwe na nguvu, na nakala zake za Rossi kutoka Brazili ni za bei nafuu. Lakini uimara huo ni wa risasi kali za kuwindia, na wewe utapiga risasi laini kama maji ya dafu. Ya 1873 haina nguvu hizo. Ndani ina viungo viwili vinavyokunjuka kama goti, na kwa sababu hiyo wenzo wake huteleza tu, hausukumi. Mafundi hubadilisha viungo hivyo wenzo uende safari fupi zaidi. Ukikaa nyuma ya mtu mwenye 1873 iliyofanyiwa kazi hiyo, risasi kumi zinasikika kama mtu anayekimbiza kucha kwenye meno ya kitana. Tena ganda lake tupu linarukia juu. Ya 1892 pia hutema juu. Ile Marlin 1894, ambayo ni bunduki nzuri sana kwa mwenye mkono wa kulia, hutema kulia, na wewe ukiwa na shavu lako upande huo kila ganda litapita mbele ya uso wako. Utazoea, wanasema. Mimi sioni kwa nini uzoee.

Mambo mawili ya kuangalia kwenye 1873 kabla hujatoa fedha. Moja, risasi. Kile kinachoinua risasi kutoka kwenye bomba kwenda kwenye mtutu hutaka risasi ya urefu wake hasa. Ikiwa fupi mno, ya nyuma yake hujipenyeza nusu na kila kitu kinakwama, saa inakwenda, watu wanatazama viatu vyao. Omba upige ishirini za aina utakayotumia. Pili, vidole. Usiguse kifyatulio mpaka wenzo umefunga kabisa. Bunduki hii ikifyatuka kabla haijajifunga hulipukia upande wako. Ndiyo maana ina kitufe kidogo chini, kinachobanwa na wenzo ukifungika, na kuna wajuaji wanaokilegeza ili waongeze kasi. Bunduki ya mtumba iliyochezewa kitufe hicho usiinunue. Na risasi zake ziwe za ncha bapa, kwa sababu ndani ya bomba zinapangana moja nyuma ya nyingine, na ncha kali inaweza kugonga fataki ya iliyo mbele yake.

Nikitoka kidogo nje ya njia: bunduki ya aina hii si mgeni kwetu kama unavyodhani. Stanley alipopita Unyamwezi mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, miongoni mwa silaha zake ilikuwamo Winchester ya risasi 16, mama yake hii unayoitaka wewe. Wapagazi wetu waliisikia mlio wake kabla ya nusu ya Texas haijaisikia.

Marisau nitayapitia haraka. Wape vijana 1897 yao. Ni ya kasi kweli mikononi mwa aliyefanya mazoezi miaka, lakini hutema kulia kama Marlin, na wewe unapakia saa ikiwa inakwenda, kutoka kwenye mkanda, si kabla. Nunua ya mitutu miwili iliyolala sambamba, fupi, ile wanayoiita ya gari la farasi. Stoeger wanayo ya bei ya chini. Ikiwa mpya ni ngumu kuivunja kama karanga isiyokauka, ifungue na kuifunga mara mia mbili ukiwa unatazama tamthilia, kisha mpe fundi asugue matundu yake ili maganda yaanguke yenyewe ukiinua mitutu juu, maana ya kurusha maganda kwa springi hairuhusiwi. Lakini kitu cha kwanza kumwambia fundi ni akukatie kitako. Zote zimetengenezwa kwa mwanamume wa futi sita. Kitako kirefu kwa mtu wa kimo chako hakikai begani, kinakaa kwenye msuli wa mkono, na hapo ndipo michubuko ya bluu inapotoka. Mtutu wa namba 12 wenye risasi za teke dogo utakuangushia bamba. Namba 20, ulio mwembamba zaidi, unaruhusiwa pia, ila usipopiga katikati bamba hutikisika likasimama, na usipoliangusha umekosa.

Sasa dola 2,500. Hazitoshi kwa vyote vipya, nikwambie ukweli mapema. Nakala mpya ya 1873 peke yake hula zaidi ya nusu. Toa kwanza miwani ya kinga na vifaa vya masikio vizuri, na sanduku la chuma. Kisha bunduki ya wenzo. Mitutu miwili ije baadaye, ya mtumba. Bastola ziwe za mwisho, na uendelee kuazima za mzee kwa miezi sita, ukibadilisha na za wengine pia, kila mara ukiuliza, "Hii kitako chake kinaitwaje?" Ndiyo ile faida niliyokuahidi: utajua kiganja chako kinataka nini kabla hujalipa hata senti. Wenye mchezo huu hubadili silaha kama watu wanavyobadili simu, na jozi nzuri ya bastola huuzwa na mwenyewe palepale kwenye maegesho. Ukinunua hivyo, hakikisha ninyi wawili ni wakazi wa Texas. Ya mtu wa jimbo jingine ipitie kwenye duka lenye leseni.

Wewe ni muuguzi, kwa hiyo haya ya madini ya risasi utayaelewa kuliko mimi. Vumbi lake liko kwenye vidole, kwenye nguo, kwenye maganda matupu. Nawa kwa maji baridi na sabuni kabla hujala chochote uwanjani, viatu viachwe nje ya mlango, gauni lifuliwe peke yake. Mwanao wa miaka mitatu bado anatia kila kitu mdomoni. Na maganda matupu, hata yakiwa mazuri kiasi gani, usimpelekee mtu Tanga zawadi. Kabla ya safari geuza begi lako nje ndani. Risasi moja iliyosahaulika mfukoni itakukalisha chumba cha polisi uwanja wa ndege, na mama atakuwa nje anakusubiri na pilau.

Kwake mama, usibishane. Mwambie mlio wa bamba, usimwonyeshe tena bastola. Mwonyeshe wewe ukiwa na gauni.

Maana gauni ndilo jibu la swali lako la mwisho. Unauliza kama pale ni mahali pako. Wanahistoria wengi hukadiria kwamba katika wachunga ng'ombe waliowaswaga kutoka Texas kwenda kaskazini baada ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, karibu mmoja kati ya wanne alikuwa mtu mweusi. Nat Love alizaliwa mtumwa Tennessee, akawa kauboi na akaandika maisha yake mwenyewe. Bass Reeves alizaliwa mtumwa, na kuanzia mwaka 1875 alikuwa naibu wa mkuu wa sheria wa serikali kuu, akisaka wahalifu katika nchi ambayo leo ni Oklahoma. Sinema tulizoonyeshwa sisi utotoni ziliwatoa. Uwanjani wapo wasiojua hilo, na wapo wanaojua sana, utawatambua haraka.

Kanuni inataka mavazi ya zama zile. Mwanamke wa miaka ya 1880 alivaa gauni refu, mikono mpaka kwenye vifundo, kichwa kimefunikwa. Wewe na mtandio wako umeshatimiza robo tatu ya kanuni kabla hujatoka nyumbani, wenzako ndio wanaohangaika kushona. Zingatia mambo mawili tu, mikono ya gauni isiwe mipana ikanasa kwenye nyundo, na ncha za mtandio zichomekwe ndani, zisining'inie karibu na ala. Juu ya mabega tupa kanga. Kanga ilianza kuvaliwa Unguja katika miaka hiyohiyo ambayo Winchester walikuwa wakiuza 1873 yao, kwa hiyo ni wa rika moja. Msimamizi akiuliza, mwambie ni shali.

Kuhusu jina, chama hakiruhusu watu wawili kuwa na jina moja, na maelfu kwa maelfu wameshajiandikisha, kila Texas na kila Kid imekwisha. Tafuta kwenye orodha yao kabla hujachonga beji. Bibi Marisau sidhani kama amekutangulia mtu. Ila jiandae, mtangazaji atalitamka vibaya kila Jumamosi kwa mwaka wa kwanza. Mimi hadi leo wananiita kama dawa ya kikohozi.

Mjomba